Mnyonge Mnyongeni: Ni Nani Aliyemchora Jemadari wa Bahari?

Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Msemo huu aghalabu husikika mabarazani na mahakamani, na ni nadra kuutaja penye habari za picha na wachoraji. Hata hivyo, iko picha moja mjini London ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa kama kesi isiyokwisha, na mnyonge anayedai haki yake katika kesi hiyo alifariki dunia mwaka 1667. Leo tunapenda kuwaletea wasomaji wetu habari za kesi hiyo, kwa kuwa tunaona ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu ambaye kazi ya mikono yake imewahi kuitwa kwa jina la mtu mwingine.

Picha yenyewe imo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Uingereza, na katika daftari la jumba hilo imepewa namba 1315. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai, na kimo chake chapita mita mbili, hata mtu aliyechorwa huonekana amesimama mbele ya mtazamaji kwa kimo chake halisi. Ni mwanamume mwenye nywele nyeusi nyingi, nyusi nzito, na masharubu yaliyopinda kuelekea juu. Amevaa nguo nyeusi, ukosi mpana wa kimia cheupe, mikono ya hariri yenye nakshi, na mshipi wa rangi uliopita begani. Ameshika fimbo ya amri na kofia yake. Nyuma yake hakuna pazia, wala meza, wala bahari. Pana ukuta mtupu wa rangi ya udongo. Uso wake ni wa mtu aliyezoea kuamuru na kutiiwa.

Huyo ndiye Don Adrián Pulido Pareja, jemadari wa merikebu za kivita za Hispania katika zama za Mfalme Philip wa Nne. Alikuwa mmoja wa maofisa walioaminiwa kuongoza misafara ya Hispania Mpya, yaani nchi tunayoiita leo Meksiko, na katika njia hiyo ndimo ilimopita fedha iliyowalipa mishahara askari wa Mfalme katika vita vyake vya Ulaya. Mtu wa namna hiyo alistahili kuchorwa na bingwa, na juu ya turubai yamo maandishi ya Kilatini yasemayo kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yanamtaja Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme na mtumishi wa chumba chake, pamoja na mwaka 1639.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa jina limeandikwa na mwaka umeandikwa, kesi iko wapi? Kabla ya kujibu yatupasa kwanza kueleza hadithi iliyoipa picha hii umaarufu, maana ni hadithi tamu, na utamu wake umekuwa sehemu ya tatizo.

Mwaka 1724 mchoraji na mwandishi wa Kihispania, Antonio Palomino, alitoa kitabu cha maisha ya wachoraji mashuhuri wa nchi yake. Humo alisimulia kwamba Velázquez alimchora jemadari huyu kwa brashi za mpini mrefu, ambazo alizitumia wakati mwingine ili aweze kusimama mbali na turubai na kupaka rangi kwa ushujaa zaidi. Picha ilipokwisha, ikawekwa mahali penye mwanga hafifu. Mfalme, ambaye alikuwa na desturi ya kuingia katika chumba cha mchoraji wake apendapo, akaingia, akamwona jemadari amesimama, akamkaripia kwa kuwa bado yupo mjini ilhali alikwisha kupewa amri ya kuondoka. Jemadari hakujibu wala hakuinama. Ndipo Mfalme akatambua kwamba anazungumza na rangi juu ya kitambaa, akamgeukia Velázquez na kukiri kuwa ameghurika. Palomino akaongeza kuwa mchoraji aliridhika mno na kazi hiyo hata akaitia jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na kwamba picha hiyo wakati ule ilikuwa mikononi mwa Mtawala wa Arcos.

Hadithi hiyo ilisafiri pamoja na picha. Katika karne ya 19 picha tunayoizungumzia ilikuwa Uingereza, katika ngome ya Longford, makao ya ukoo wa Radnor. Mwaka 1890 Jumba la Taifa liliinunua pamoja na picha nyingine mbili kutoka katika nyumba hiyo: picha kubwa ya Mabalozi iliyochorwa na Holbein, na picha ya mwungwana iliyochorwa na Moroni wa Italia. Zote tatu ziligharimu pauni 55,000, kiasi kikubwa sana kwa siku zile, hata serikali ikalazimika kusaidiwa na matajiri wachache ili kuzipata. Ni vigumu kuamini kwamba fedha hizo zingetoka kwa wepesi uleule kama jemadari wetu angefika sokoni bila jina la Velázquez na bila kisa cha Mfalme aliyeghurika.

Lakini jina likishauzwa, macho huanza kudai haki yao. Haukupita muda mrefu kabla ya wajuzi kuanza kunong'ona. Miongoni mwa waliosema waziwazi alikuwa Mhispania Aureliano de Beruete, mchoraji na mhakiki aliyeandika juu ya Velázquez mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu alizipunguza bila huruma picha zilizokuwa zikiitwa za Velázquez, na jemadari wa London hakusalimika. Kwa maoni yake, mkono uliomchora ulikuwa wa Juan Bautista Martínez del Mazo, mkwe wa Velázquez na msaidizi wake.

Hoja za wenye shaka ni za aina mbili: ziko zinazohusu sahihi, na ziko zinazohusu mkono.

Tukianza na sahihi, ni jambo linalojulikana kwamba Velázquez alikuwa mchoyo wa jina lake. Katika Jumba la Prado mjini Madrid imo picha yake ya Kusalimu Amri kwa Breda, na imo picha ya Mfalme Philip akiwa juu ya farasi. Katika kila moja ya picha hizo mchoraji ameweka karatasi iliyo pembeni chini, mahali ambapo wengine wangeandika majina yao. Na karatasi hiyo ameiacha tupu. Ni kama mtu aliyejiamini kiasi cha kusema: anayejua kutazama hahitaji kuambiwa. Basi mtu wa tabia hiyo anapodaiwa kuandika jina lake, cheo chake na mwaka wake kwa Kilatini kirefu, mwenye akili hana budi kuuliza ni nani aliyeshika kalamu. Maandishi juu ya turubai hayana kiapo. Yaweza kuandikwa siku picha ilipokwisha, na yaweza kuandikwa baada ya miaka mingi na mwenye mali aliyependa mali yake ipande thamani.

Ama kuhusu mkono, Velázquez alichora kwa rangi chache na kwa wepesi. Ukisogea karibu na kimia alichokichora huoni kimia, waona madoa na mikwaruzo. Ukirudi nyuma hatua chache kimia kinatokea chenyewe. Isitoshe, alikuwa mtu wa kubadili nia akiwa kazini. Katika picha ya Mfalme juu ya farasi miguu ya nyuma ya mnyama ilichorwa kwanza mahali pengine, kisha ikahamishwa, na kwa miaka mingi rangi ilivyozidi kuwa nyembamba miguu ile ya kwanza imetokeza kama kivuli. Wenye shaka husema kwamba wepesi wa namna hiyo hauonekani katika jemadari wa London. Wanasema kwamba nakshi za mikono na kimia cha ukosi vimefanywa kwa juhudi ya mtu anayejua jinsi mwalimu wake alivyofanya, na ambaye anafuata njia ile ile hatua kwa hatua. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini ustadi wake ni wa mwanafunzi hodari.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maoni tu, na kwamba ushuhuda wa Palomino ni wa mtu aliyekuwa karibu zaidi na mambo yenyewe. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaona ni haki kumhoji shahidi huyu kwa utulivu.

Palomino alizaliwa mwaka 1655. Velázquez alipofariki mwaka 1660, yeye alikuwa mtoto mdogo katika nchi ya Andalusia, naye hakuhamia Madrid hadi mwaka 1678. Hivyo basi hakuyaona anayoyasimulia. Aliyapata kwa waliomtangulia, na akayachapa miaka 85 baada ya siku ile inayosemwa Mfalme alighurika. Tena picha aliyoitaja ilikuwa ya Mtawala wa Arcos, na picha za jemadari huyu si moja. Nyingine imekuwa katika nyumba ya ukoo wa Bedford huko Woburn, Uingereza. Kwa hiyo hata tukikubali kisa chote, bado haijathibitika kuwa kinahusu turubai ya London.

Kisha kitazameni kisa chenyewe. Habari ya mchoro uliomdanganya mtazamaji ni kongwe kuliko Hispania. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mchoraji Zeuxis wa Wagiriki alichora zabibu hata ndege wakaja kuzidonoa. Na kwamba Zeuxis naye akadanganywa na mwenzake Parrhasius, alipotaka lifunuliwe pazia ambalo kumbe lilikuwa limechorwa. Mwandishi aliyetaka kumsifu mchoraji alikuwa na hadithi hiyo tayari ghalani. Alichohitaji ni kubadili jina la ndege.

Liko jambo lingine lililo zito zaidi. Palomino huyo huyo alisimulia kisa cha pili cha Mfalme katika chumba cha Velázquez, nacho kinamhusu mtu mwingine aitwaye Pareja. Huyu ni Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wa Velázquez. Kwa mujibu wa Palomino, mtumwa huyo alijifunza kuchora kwa siri, kisha akaiweka picha yake chumbani ikiwa imeelekezwa ukutani, akijua kwamba Mfalme hana subira ya kuacha picha iliyogeuzwa. Mfalme akaigeuza, akaistaajabia, na mtumwa akaanguka miguuni pake kuomba msaada. Ndipo Mfalme akatamka kuwa mwenye kipaji kama hicho hawezi kuwa mtumwa, na Velázquez akamwacha huru.

Kisa hicho kilisadikiwa kwa karne mbili na nusu. Lakini mwaka 1983 ilichapishwa hati yenyewe ya kumwacha huru Juan de Pareja, nayo yasema mengine. Iliandikwa mjini Roma mwezi Novemba mwaka 1650, wakati Velázquez alipokuwa safarini Italia, mbali kabisa na Mfalme na chumba chake. Tena uhuru ulitolewa kwa sharti: mtumwa angeendelea kutumika kwa miaka minne zaidi. Hakuna Mfalme katika hati hiyo, hakuna picha iliyogeuzwa, hakuna machozi. Muna karani wa Roma, tarehe na sharti. Basi shahidi aliyemwingiza Mfalme katika chumba ambamo hakuwamo kwa kisa cha pili, twawezaje kumwamini bila swali kwa kisa cha kwanza?

Hatusemi kwamba Palomino alikuwa mwongo. Alikuwa mwandishi aliyependa fani yake na aliyetaka wachoraji waheshimiwe na wafalme. Tunasema tu kwamba hadithi ikiwa tamu mno, msikilizaji hupunguza ukali wa maswali yake. Na kwa haki yake, ni Palomino huyo huyo aliyetuachia ushuhuda wa upande wa pili. Alipofika kwenye maisha ya Mazo, aliandika kwamba mtu huyu alikuwa hodari ajabu wa kunakili, hasa kazi za mwalimu wake, hata ikawa karibu haiwezekani kutenganisha nakala na asili. Mtu aliyesoma ukurasa wa jemadari asiposoma na ukurasa wa Mazo, ameisikiliza kesi nusu.

Basi Mazo ni nani? Alizaliwa karibu mwaka 1612, na mwaka 1633 alimwoa Francisca, binti wa Velázquez. Mwaka uliofuata alikabidhiwa cheo cha ubawabu wa chumba cha Mfalme, kilichokuwa cha mkwewe. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ndani ya nyumba na karakana ya mzee huyo. Kazi ilikuwa nyingi. Kila ufalme wa Ulaya ulipotaka sura ya mfalme wa Hispania, kila palipokuwa na posa au mapatano, picha zilihitajika. Na Velázquez, ambaye alizidi kushughulishwa na utumishi wa ikulu, hakuweza kuzichora zote kwa mkono wake. Mwalimu aliweka mfano, wasaidizi wakaurudia. Wakati mwingine aligusa uso na kuwaachia mavazi, na wakati mwingine hakugusa kitu. Picha zote zilitoka kwenye mlango mmoja, na aliyezipokea huko nje alijua jina moja tu. Velázquez alipofariki mwaka 1660, Mazo alishika nafasi yake ya mchoraji wa Mfalme, na akafariki mwaka 1667.

Angalieni sasa yaliyompata baada ya kifo chake. Mwaka 1647 alichora mandhari ya mji wa Zaragoza, picha iliyoko Prado, na juu yake yapo maandishi ya Kilatini yanayomtaja kuwa ndiye mchoraji. Hata hivyo kwa muda mrefu wapo waliosema kwamba watu wadogo wazuri walioko kando ya mto lazima wawe wamechorwa na Velázquez, kana kwamba mkwe angeweza kuchora maji na mawe tu. Iko pia picha ya jamaa yake mwenyewe, wanawe na watoto wadogo, iliyoko Vienna. Hiyo kwa miaka mingi iliitwa picha ya jamaa ya Velázquez kwa mkono wa Velázquez, ingawa pembeni juu pana ngao yenye mkono ulioshika nyundo ya mbao. Na neno hilo, nyundo ya mbao, kwa Kihispania ni mazo. Mtu aliandika jina lake kwa maneno, halikusomwa. Akalichora kwa alama, halikuonekana. Ni katika picha chache tu, kama ile ya Malkia Mariana akiwa katika mavazi ya msiba ya mwaka 1666, iliyoko Jumba la Taifa hilohilo la London, ndipo sahihi yake ilipomwezesha kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Na hapa tunapenda kuwakumbusha wasomaji jambo la ajabu. Ngome ya Longford, ambamo jemadari Pulido Pareja aliishi ukutani kabla ya mwaka 1890, ndiyo ngome ambamo ilikuwamo picha ya Juan de Pareja, aliyechorwa na Velázquez mjini Roma mwaka 1650 alipokuwa bado mtumwa. Ukoo wa Radnor uliinunua picha hiyo mwaka 1811. Basi katika nyumba moja walikuwamo Pareja wawili: mmoja jemadari wa bahari, mwenye fimbo ya amri, mwingine mtumwa, mwenye joho la kijivu na ukosi mweupe. Wa kwanza alinunuliwa na taifa kwa sababu ya jina la Velázquez, kisha jina likatiliwa shaka. Wa pili alinadiwa mjini London mwezi Novemba mwaka 1970, akanunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni mbili, bei ambayo haijawahi kulipwa mnadani kwa picha yoyote hadi siku ile, na sasa yuko katika Jumba la Metropolitan mjini New York. Juu ya picha hiyo hakuna anayebishana. Na Juan de Pareja mwenyewe, baada ya kupata uhuru, alikuwa mchoraji. Picha yake ya Kuitwa kwa Mathayo, ya mwaka 1661, iko Prado, na ameitia jina lake. Mwaka 2023 Jumba la Metropolitan lilifanya maonyesho makubwa juu yake akiwa mchoraji, na si akiwa sura tu aliyoichora bwana wake.

Tumemtaja kwa kusudi. Karakana tunayoizungumza kwa jina la mtu mmoja ilikuwa na mkwe ndani yake, na ilikuwa na mtumwa ndani yake. Aliyesaga rangi, aliyenyoosha turubai, aliyerudia uso wa Mfalme kwa mara ya tano, wote walikuwa na majina. Historia ikawa kama mhasibu mvivu: ikaandika jumla, ikaacha hesabu.

Sasa tuijibu hoja ambayo bila shaka imo midomoni mwa wasomaji wengi. Watasema: picha ni ile ile. Ikiwa ilipendeza jana, itapendeza leo, awe ameichora Velázquez au mkwewe. Ugomvi huu ni wa matajiri na wauza picha. Tunakubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba rangi haibadiliki kwa sababu kibao kimebadilishwa, na ni aibu kuona watu waliojaa mbele ya picha jana wakiipita leo bila kuitupia jicho. Hayo yaliipata picha ya Mtu Mwenye Kofia ya Dhahabu mjini Berlin, iliyokuwa ikipendwa mno kama kazi ya Rembrandt hadi miaka ya 1980, wataalamu walipotangaza kwamba haikuwa ya mkono wake. Kofia ni ile ile, na dhahabu yake inang'aa vile vile. Waliopoteza hamu walikuwa wakipenda jina.

Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo hatuikubali. Kusema kwamba aliyefanya kazi si kitu mradi kazi ni nzuri, ni kauli nyepesi kwa yule ambaye jina lake limehifadhiwa tayari. Velázquez hapungukiwi na lolote akiondolewa jemadari mmoja. Anabaki na Breda, anabaki na Papa Innocent wa Kumi, anabaki na ile picha ya binti mfalme na wajakazi wake ya mwaka 1656. Mazo ana machache. Kila picha anayorudishiwa ni siku moja ya maisha yake inayorudi.

Wala tusiwe na haraka ya kutoa hukumu kwa upande mwingine. Ujuzi wa macho nao hukosea. Katika Jumba hilo la Metropolitan ilikuwamo picha ya mwanamume mmoja ambayo wajuzi waliishusha wakaiita kazi ya karakana. Mwaka 2009, baada ya kuondolewa vanishi iliyokuwa imegeuka manjano na rangi za matengenezo ya zamani, mkono wa Velázquez ukaonekana tena, nayo ikarudishiwa jina lake. Kilichoitwa udhaifu wa mwanafunzi kilikuwa uchafu wa miaka. Tukumbuke pia kwamba ikulu ya kale ya Madrid iliungua usiku wa Krismasi mwaka 1734, na mamia ya picha yakateketea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushahidi ambao ungemaliza ubishi huu iligeuka majivu kabla ya yeyote kuutafuta.

Kwa sababu hizo twaona kwamba Jumba la Taifa la London limefanya jambo la heshima. Lingeweza kushikilia jina kubwa kwa kuwa lilinunua kwa bei kubwa. Badala yake limeiweka picha ya jemadari chini ya jina la Mazo, huku maandishi ya Kilatini yakiachwa mahali pake ili kila mtu ayaone na apime. Mjadala unaweza kuendelea, na ushahidi mpya ukija usikilizwe. Lakini taasisi inayokubali kupungukiwa na fahari ili ikaribie ukweli inatufundisha adabu ya kazi.

Somo hilo halihitaji mtu asafiri hadi London. Kila mahali pana fundi mkuu mwenye kibao mlangoni na vijana wanaofanya kazi nyuma ya nyumba. Kila ofisi ina taarifa iliyoandikwa na mmoja na kutiwa sahihi na mwingine. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Ni mazoea tu, na mwenye jina kubwa huwa hata hakuombwa ruhusa. Lakini mazoea hayo yakiachwa, baada ya miaka mia tatu hapatakuwa na wa kumuuliza, na wajuzi watakuja na taa zao kutafuta mkono wa mtu ambao ingetosha kuuandika kwa mstari mmoja siku ile ile kazi ilipokwisha. Basi aliye mkubwa na aandike jina la msaidizi wake kando ya lake, angali yu hai na wino ungali mbichi.